Chengachenga Hazikandwi

Juzi nilipopita kwenye oveni yenu hapa Nakivale, mmoja wenu alinifuata mpaka barabarani, mikono bado ina unga, akaniambia, "Mama Sifa, sasa umestaafu, tuandikie ile pai yako rahisi ya epo tujaribu." Rahisi! Nilitabasamu kwa sababu mchungaji alikuwa anapita, lakini ndani roho ilikuwa inachemka. Nimemenya epo katika hoteli moja ya Mbarara mpaka kidole gumba kikapinda na hakijanyooka tena. Nimefokewa nikafokea wengine. Nimelia juu ya bakuli la unga nikasingizia vitunguu, na siku hiyo jikoni hakukuwa na kitunguu hata kimoja. Halafu mtoto wa jana ananiambia rahisi. Haya, magoti yangu yamekataa kusimama mbele ya oveni, muda ninao. Kaeni chini niwaeleze.

Mimi ni mtu wa Uvira. Nilipita Kabazana, pale wakimbizi wanapopokelewa, kama nyinyi wengi, nikapewa kiwanja, nikaambiwa lima. Nikalima, mahindi yakakauka. Nikalima tena, mbuzi wa jirani wakavuna kabla yangu. Nikarudi kwenye kitu ninachokijua, mandazi. Mama yangu alinifundisha kukanda unga kabla sijajua kusuka nywele, na kwa mandazi sikuwa na mpinzani. Kwa hiyo niliposikia kuna hoteli Mbarara inatafuta mwanamke anayejua unga, nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda huku nimeinua shingo. Shingo hiyo ilishuka kabla ya chakula cha mchana.

Mkuu wa jiko alikuwa mzee wa Kinyankole anayeitwa Afande Karugaba. Alikuwa amepikia wanajeshi miaka mingi pale kambi ya Makenke, akastaafu jeshi, lakini jeshi halikumtoka. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na chote ni amri. Hakunisalimu. Aliniwekea bakuli lenye unga, sukari na vipande vya siagi baridi, akasema, "Fanya chengachenga." Mimi nikaona unga, nikakunja mikono ya blauzi, nikakanda.

"Wewe mama! Nani alikuambia kanda?"

"Afande, si ni unga? Unga unakandwa."

"Hapana! Hii si mandazi! Hii ni ya kulala juu ya epo. Wewe nafinya, nafinya, siagi yote nakufa. Wacha!"

"Nimeacha, Afande."

"Bado nafinya! Mimi naona hiyo kidole!"

Na kweli kidole kilikuwa kinafinya. Ndiyo shida yetu sisi watu wa mandazi. Tukiona unga mkavu umetawanyika, tunaona aibu, tunaona mtu ameacha kazi nusu. Mkono unaingia wenyewe, na kabla hujajua, umepata donge. Ukiweka donge hilo juu ya epo na kulioka, unapata kofia ngumu ya kuvunjia meno. Siku hiyo Afande alitupa bakuli baada ya bakuli kwa nguruwe wa jirani, na kila akitupa ananiangalia mimi, si nguruwe. Nilirudi chumbani nikasema sirudi tena, na asubuhi nikarudi, kwa sababu mahindi yalikuwa bado yamekauka.

Sasa sikilizeni, maana mtaniuliza tena na sitajibu. Chengachenga ni unga, sukari ya rangi ya udongo, chumvi kidogo sana, mdalasini, na siagi. Siagi iwe baridi. Si baridi ya kusema, baridi ya kweli. Umeme wa Mbarara ukipotea, na utapotea, unaifunga siagi kwenye nailoni na kuizamisha kwenye mtungi wa maji. Unaikata vipande vidogo, unavisugua na unga kwa ncha za vidole, ncha tu, kiganja hakihusiki. Ukiona imekuwa vijiwevijiwe, vingine vidogo, vingine vikubwa, vibaya vibaya hivi, unaacha. Unatoa mikono. Unaenda kusimama mbali kama hujiamini. Hakuna kitu kingine, na hicho ndicho kilichonitoa jasho mwaka mzima.

Chini kuna unga mwingine, wa kushika epo. Huo unaruhusiwa kuukusanya, kwa maji baridi ya kunyunyiza, na hata huo msiubembeleze. Uache upumzike kwanza, ndiyo uusukume. Afande alisukumia chupa tupu ya soda, akasema mti wa kusukumia wa kununua dukani ni wa watu wavivu. Kipimo chake kilikuwa kikombe cha bati cha jeshi, kimebonyea upande mmoja, na ilibidi ujue kubonyea kwake kunapunguza kiasi gani. Baadaye hoteli ilinunua mizani ya betri. Betri ikawa inaondoka kila siku kwenda kwenye rimoti ya televisheni ya wageni, kwa hiyo tukarudi kwenye kikombe. Mashine ile bado ipo juu ya kabati, nimeipangusa vumbi miaka yote hiyo.

Halafu epo zenyewe. Zile za Kabale ni ndogo na zina uchachu, chukueni hizo. Zile nyekundu zinazong'aa kutoka nje ni za kuwekwa mezani zipendeze. Ukizipika zinakuwa uji. Menya, kata vipande vya unene mmoja, changanya na ndimu, sukari na kijiko cha unga wa kunywa maji yake. Rahisi, siyo? Jaribu basi kuzipeleka Nakivale. Kwetu epo, au pome kama tunavyosema Wakongo, ni kitu cha mgonjwa. Unamnunulia mtu aliyelazwa, unaiweka karibu na mto, hata asipoila amejua umempenda. Nilipokuwa nabeba mfuko wa epo kuja kuwafundisha wanawake wa kikundi chetu, teksi nzima ilinipa pole. "Mama, nani amelazwa?" Hakuna. "Usifiche, Mama, tuko pamoja." Nasema nakwenda kupika pai! Wakanyamaza kwa heshima. Nilipofika, majirani walikuwa wameshakusanyika nyumbani kwangu kuombea mgonjwa, na ilibidi niwapikie chai wote.

Afande alipozeeka alirudi kwa ng'ombe wake, na jiko likabaki kwangu. Hayo mengine ya nani alipandishwa lini hayapiki pai, nayaruka. Nataka niwaeleze habari ya Spesi, kwa sababu katika kazi yangu yote hakuna mtu aliyeniweka roho juu kama yeye.

Spesi ni Mrundi, Mkatoliki wa rozari shingoni, mama wa wasichana wawili. Aliletwa kwangu na mwanakikundi mwenzangu wa hapa Nakivale. Ni mpole mpaka unatamani kumrushia kitambaa. Sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba kila sentensi nilimwomba arudie, na akirudia anashusha zaidi. Mikono yake ni mizuri, mikate yake inavimba mpaka mtu anasimama kuiangalia. Lakini chengachenga! Jamani, chengachenga zilimshinda.

"Spesi, nimekuambia nini?"

"Umeniambia nisikande, Mama."

"Na hili hapa ni nini?"

"Nimekanda, Mama."

"Kwa nini sasa?"

"Naona haijashikana. Naionea huruma."

Unga, anauonea huruma! Nilishika kichwa. Nilimfunga vitambaa mikononi viache vidole tu, akakanda kwa vidole. Nilimpa uma, akakanda kwa uma. Epo ni ghali kwa kujifunzia, kwa hiyo nilimletea mapapai mabichi na ndimu, na nguruwe wa jirani wakala mapapai yote. Nilimfokea mpaka nikajisikia nina sauti ya Afande. Yeye anasema ndiyo Mama, samahani Mama, na kidole kinafinya.

Na haikuwa mchezo. Mume wake, Salvatori, alikuwa ameandikisha familia kurudi Burundi. Msinielewe vibaya, Salvatori si mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Kiwanja chao ni mawe, posho imepunguzwa, na mwanaume anayekaa mlangoni siku nzima bila kazi anaanza kuona kwao ni kuzuri. Spesi hakutaka. Shamba lao kule limeshagawanywa na mashemeji, mpaka mahali pa kuweka jiko hapakubaki, na wasichana walikuwa wanafanya vizuri shuleni. Wakazungumza, wakagombana, mwisho Salvatori akasema, "Ukipata jiko la Mbarara, nafuta majina, tunahamia mjini. Usipolipata, tunapanda lori na msafara unaokuja." Spesi aliniambia hayo huku anamenya epo, bila kuinua macho, kama anasema habari za mtu mwingine.

Wakati huo magoti yangu yalikuwa yameshatoa taarifa, na Madam Peninah, mwenye hoteli, alikuwa anatafuta wa kushika jiko nikiondoka. Alikuwa amesikia habari za mpishi mmoja wa Kampala mwenye kofia ndefu. Kofia ilimvutia sana. Nilimsumbua kila siku kwa ajili ya Spesi mpaka akachoka.

"Mama Sifa, huyu Murundi wako ni muntu muzuri. Lakini pai yake nakuwa jiwe. Mimi nilikula, jino iliuma wiki mzima."

"Madam, anajifunza."

"Kale, sawa. Jumamosi wake wa maofisa wa Makenke nakuja kunywa chai hapa, na wao nataka pai. Spesi apike peke yake. Wewe usiguse. Ikiwa muzuri, jiko ni yake. Ikiwa mbaya, mimi naita yule wa Kampala siku hiyo hiyo."

Jumamosi hiyo nilikaa nje, mlango wa nyuma, juu ya kreti la soda, nimekatazwa kuingia. Salvatori alikuwa amekuja kutoka Nakivale na boda, amekaa getini karibu na mlinzi, begi miguuni. Sijui begi la nini. Nadhani alikuja nalo ili asionekane amekuja bure. Kila nikimwangalia, naye ananiangalia, tunageuza macho wote wawili.

Nilichungulia mara moja tu, Mungu ananiona. Spesi alikuwa amepanga pai kwenye meza, epo ndani, chengachenga juu. Hazikuwa nzuri kama za Afande, lakini zilikuwa chengachenga. Alikuwa ameuma mdomo, mikono ameificha nyuma ya mgongo kabisa, asije akagusa. Nikasema asante Yesu. Akaenda stoo kuchukua mkaa wa kuongezea oveni, kwa sababu gesi ilikuwa imeisha, maana hoteli ile gesi huisha siku wageni wanapokuja.

Hapo akapita Mama Riziki.

Mama Riziki ndiye aliyeosha vyombo vyetu, Mkongo mwenzangu wa Fizi, mwenye moyo wa dhahabu, na siku hiyo ningemnyonga. Mnajua sisi tunavyofanya bukari, ugali wetu. Ukishapakua unachovya mwiko kwenye maji, unaizungusha na kuilainisha mpaka iwe duara na ing'ae. Bukari yenye nundu mbele ya mgeni ni matusi. Mgeni atasema hapa nyumbani hakuna mwanamke. Mama Riziki akaona pai zimekaa mezani, juu zimevunjikavunjika, wake wa maofisa wako njiani, na mpishi hayupo. Akamwonea huruma. Akachukua mwiko, akachovya kwenye maji, akazilainisha zote. Zote, mpaka ya mwisho, taratibu, mpaka zikang'aa.

Nilisikia kelele. Sikujua ni ya nani, kwa sababu sauti ile sikuwahi kuisikia. Nikasahau katazo, nikasimama mlangoni. Spesi alikuwa ameangusha karai la mkaa.

"Nani? Nani amegusa?"

"Ni miye, dada," Mama Riziki akasema, bado ameshika mwiko wake, anatabasamu anangoja asante. "Ilikuwa imeharibika. Bageni bakubwa banakuya, ningeacha chakula kikae vile? Nimekilainisha kidogo tu, angalia sasa iko muzuri."

Niliangalia zile pai, tope tupu limelala juu ya epo. Epo nyingine hazikuwepo, sokoni zilikuwa zimeisha tangu jana yake. Nikashika fremu ya mlango. Nilifikiria lori. Nilifikiria wale wasichana wawili na madaftari yao.

Spesi akaanza kusema Kirundi. Sijui Kirundi cha kutosha, na nashukuru. Akamnyang'anya Mama Riziki mwiko, akautupa kwenye sinki. Akachukua kijiko, akakwangua tope lote kutoka juu ya kila pai, pah, pah, kwenye ndoo ya nguruwe, epo zikabaki wazi. Akavuta bakuli. Akamimina unga bila kikombe. Siagi ilikuwa kwenye mtungi, akaitoa, akaikata kana kwamba imemkosea yeye binafsi.

"Spesi, mwanangu," nikasema, "polepole, ile siagi uisugue kwa..."

"Mama, nyamaza!"

Nikanyamaza. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nyamaza kwenye jiko lile tangu Afande aondoke. Mama Riziki alijishika mdomo.

Akaingiza vidole. Akasugua kwa haraka, ncha tu, machozi yanamtiririka na wala hayafuti, anasugua na kuurusha unga chini ya bakuli, anasugua na kuurusha. Safari hii hakuubembeleza wala hakuuonea huruma. Na mimi nikaona vinatokea palepale, vijiwevijiwe, vidogo na vikubwa, vibaya vibaya, vizuri kuliko vya Afande na kuliko vyangu. Nikajisemea moyoni, acha sasa, mama, acha, acha. Akaacha! Akatoa mikono, akaikung'uta, akamwaga zile chenga juu ya epo kwa hasira, hata hakusawazisha. Akatia pai ovenini, akapiga mlango wa oveni mpaka sufuria zikalia ukutani.

Zikaanza kuiva. Pai ya epo haisubiri dakika za saa, inasubiri maji yake yachemke pembeni na kupanda kwenye chenga, andikeni hilo. Spesi alisimama mbele ya oveni, mikono kiunoni. Wake wa maofisa walifika, tukasikia vicheko kwenye baraza. Madam Peninah akaingia na sahani yake.

Nilitaka kumwambia pai ya moto haikatwi, inamwagika. Spesi alinitangulia. "Bado, Madam. Ipoe kwanza."

"Wageni nangoja."

"Wangoje."

Madam akamwangalia. Spesi hakushusha macho. Madam, mwenye hoteli yake, akasimama na sahani mkononi kwenye joto lile, akangoja. Ilipopoa kiasi, Spesi akakata, akampa. Chenga zikapasuka chini ya uma kwa mlio ule ninaoupenda, epo zikakaa mahali pake. Madam akala. Akala tena. Akakaa juu ya kiti cha Mama Riziki akamaliza kipande chote, akafuta sahani kwa kidole.

"Hii wewe nafanya kila siku namna hii?"

"Ndiyo."

"Kale," akasema Madam, akiinuka. "Jiko ni yako. Lakini mbona naniangalia hivyo, nyabo? Mimi nilifanya nini?"

"Zile zingine zinapoa sana, Madam. Nina kazi."

Madam akatoka na pai mbili, anatembea haraka. Mama Riziki akaanza kupiga vigelegele, akanyamazishwa kwa jicho moja. Mimi nikaenda mbio, magoti yangu yote haya, nimefungua mikono kumkumbatia mtoto wangu. Nimfunze miaka, nimlilie, nimsumbulie Madam, sasa nisimkumbatie? Spesi alikuwa amebeba trei ya moto, uso umelowa jasho, rozari imegeukia mgongoni.

"Mama, umesimama kwenye njia ya oveni. Toka."

"Spesi, mimi nataka tu..."

"Toka nje, Mama! Nitaunguza watu!"

Nikatoka. Nikapita mlango wa nyuma, nikazunguka hoteli mpaka getini, aproni bado nimeifunga. Salvatori alisimama aliponiona. Alijaribu kusoma uso wangu, na sijui alikuta nini, kwa sababu nilikuwa nacheka na kulia pamoja.

"Mama, amepata?"

"Amenifukuza," nikamwambia. "Amenifukuza jikoni kwake."

Salvatori akavua kofia. Akakaa chini palepale juu ya begi lake, akajifunika uso kwa kofia hiyo, akalia kwa sauti mbele ya mlinzi bila haya.